Hadithi ya Tatu: Kutoridhika na Bei ya Kisasi, kutoka Simulizi ya Nachituti hadi Riwaya ya Taharuki ya Zambia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kutoridhika na madhara yake katika kazi mbili za Zambia zilizoachana kwa umbo na kwa zama: simulizi ya Nachituti, inayosimuliwa katika bonde la Luapula na ufukwe wa Ziwa Mweru, na riwaya ya taharuki ya Mukuka Chipanta, A Casualty of Power (2016). Hoja kuu ni kwamba kutoridhika pekee hakuangamizi. Huangamiza pale mkosaji anapokuwa ndiye hakimu, hata mwenye kinyongo akalazimika kumwita mwenye nguvu wa mbali, na bei ya wito huo ikalipwa na watu wasiokuwa sehemu ya ugomvi. Makala yanaonyesha kwamba riwaya ya taharuki ya Kiswahili, kwa kumtegemea shujaa wa serikali, kwa kawaida huificha bei hiyo, ilhali simulizi ya Nachituti huiweka mwishoni mwa msuko na kuitaja waziwazi. Hitimisho linaeleza maana ya usomaji huo kwa wanaosimamia rasilimali za ziwa katika wilaya ya Nchelenge.

1. Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya taharuki katika Kiswahili umejengwa juu ya maswali mawili: nani alitenda kosa, na alibainikaje? Maswali hayo yana uzito, kwa sababu ndiyo yanayomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Hata hivyo, liko swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra: haki ilipopatikana, nani aliilipia? Mpelelezi amemtia mkosaji mbaroni, kitabu kimefungwa, msomaji ameridhika. Gharama ya kuridhika huko haiandikwi.

Swali hili linaonekana vizuri zaidi linapotazamwa kutoka Nchelenge. Mji huo wa Mkoa wa Luapula, pamoja na soko la samaki la Kashikishi lililoungana nao, uko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, ambalo ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 5,100. Mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita majini. Upande wa Kongo, katika miji kama Kilwa na Pweto, Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na bandarini. Upande wa Zambia lugha kuu ni Kibemba, lakini biashara na uhamaji vimekipa Kiswahili masikio mengi. Eneo hili si geni katika maandishi ya Kiswahili. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, inasimulia vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Kwa hiyo kulisoma ziwa hili katika kongamano la Kiswahili ni kurudi kwenye njia ambayo lugha yenyewe iliwahi kupita.

Kutoridhika, kwa maana inayotumika hapa, si uchu wala tamaa. Mwenye uchu hutaka kisichokuwa chake. Asiyeridhika hudai kilichokuwa chake, au kinachomstahili, na akanyimwa. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa fasihi pendwa mara nyingi huyachanganya mambo haya mawili na kumwadhibu mwenye madai ya haki kana kwamba ni mwenye tamaa.

2. Msingi wa uchambuzi

Uchambuzi unaazima dhana mbili. Ya kwanza ni ya Tzvetan Todorov, ambaye mwaka 1966 alionyesha kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili: hadithi ya kosa, ambayo imekwisha kabla ya kitabu kuanza, na hadithi ya uchunguzi, ambayo ndiyo msomaji anayoifuata. Katika riwaya ya taharuki, hadithi hizo mbili huyeyuka na kuwa moja: hatari haiko nyuma tena, iko mbele, na shujaa mwenyewe anaweza kupotea.

Dhana ya pili ni ya mwanauchumi Albert Hirschman, ambaye mwaka 1970 aliuliza mtu asiyeridhika na taasisi yake hufanya nini. Jibu lake lilikuwa njia mbili, kuondoka au kusema. Uaminifu huchelewesha kuondoka na kumpa msemaji muda wa kusikilizwa. Dhana hii imetumika sana katika masomo ya siasa na uchumi, lakini inafaa pia katika uhakiki, kwa sababu taharuki nyingi huanza pale mhusika anapozibiwa njia zote mbili.

Makala haya yanaongeza jambo moja katika kila dhana. Kwa Hirschman yanaongeza njia ya tatu: kuita. Asiyeweza kuondoka, na asiyesikilizwa akisema, humwita mwenye nguvu kutoka nje aje amshughulikie mkosaji. Kwa Todorov yanaongeza hadithi ya tatu: hadithi ya malipo, yaani yale anayodai aliyeitwa baada ya kazi kwisha. Nyongeza hizi zinakwenda pamoja, kwa kuwa hakuna anayeitwa akaja bure.

3. Nachituti: taharuki ya ufukweni

Simulizi ya Nachituti imehifadhiwa kwa mdomo na kwa maandishi. Ni sehemu ya historia ya Walunda wa Mwata Kazembe, ambao maelezo yao yamo katika Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kitabu cha Kibemba kinachohusishwa na Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, kilichotoka mwaka 1951 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiingereza na mwanaanthropolojia Ian Cunnison. Mwaka 2006 mwanahistoria David Gordon aliifanya simulizi hiyo kuwa kichwa na kiini cha kitabu chake kuhusu umiliki na uvuvi wa Mweru. Wasimulizi wanatofautiana katika mengi, lakini mhimili wa kisa ni mmoja.

Nkuba alikuwa mtawala wa Washila, wenyeji wavuvi wa ziwa. Nachituti alikuwa dada yake. Nkuba alimuua mtoto wa Nachituti. Inasimuliwa kwamba ngozi ya kijana huyo ilitandikwa mahali ambapo mama aliketi bila kujua anakalia nini. Alipojua, alimwendea Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, akamwomba amlipizie kisasi. Nkuba aliuawa na kichwa chake kikakatwa. Ndipo Nachituti akampa Kazembe udongo na maji, yaani nchi na ziwa.

Kifani, kisa hiki kina kila kiungo cha taharuki. Kuna kosa la siri. Kuna ushahidi uliofichwa mahali pa wazi kabisa, chini ya mwili wa mtu anayeutafuta. Kuna kinaya cha kidrama: hadhira inajua kabla ya mama kujua, na kila dakika anayoendelea kuketi inamtesa msikilizaji. Methali ya Kiswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilicholiwa ndicho kimegeuzwa tandiko. Vilevile, siri ya namna hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kuna aliyechuna, aliyekausha, aliyetandika na walioona. Msuko unadokeza jamii nzima iliyonyamaza, na ukimya huo ni sehemu ya kosa.

Usomaji wa haraka humwona Nachituti kuwa mama mwenye uchungu tu. Usomaji huo unapunguza uzito wa kisa. Katika jamii za ukoo wa kikeni, kama zilivyo nyingi za eneo hili, mrithi wa mtawala hutoka kwa dada yake. Kumuua mtoto wa dada ni kuua mpwa na, wakati huohuo, kuukata mstari wa urithi. Nkuba anaharibu mustakabali wa utawala wake kwa mkono wake, na kutoridhika kwa Nachituti ni malalamiko ya kisiasa kama yalivyo ya kifamilia: mwenye dhamana ya kuulinda ukoo ndiye aliyeuangamiza.

Sasa njia zake zitazamwe moja moja. Kuondoka hakumletei haki. Angeacha ngozi ya mwanawe chini ya wengine. Kusema hakumfai, baraza ambalo angelalamika mbele yake ni la Nkuba, na mshtakiwa ndiye hakimu. Imebaki kuita. Kisa hakimlaumu kwa kuita, wala hakimsifu. Kinafanya jambo gumu zaidi: kinahesabu.

Hadithi ya kosa imekwisha kwa kifo cha kijana. Hadithi ya uchunguzi na kisasi imekwisha kwa kichwa cha Nkuba. Mwandishi wa riwaya ya kawaida angeweka nukta hapo. Simulizi ya Mweru inaendelea hadi kwenye udongo na maji, na kilichobaki katika kumbukumbu, hata kikaupa mkasa maana yake, ni hadithi hii ya tatu. Damu ya mtu mmoja imelipwa kwa damu ya mwingine. Lakini huduma ya kulipiza imelipwa kwa ziwa, na ziwa si mali ya Nachituti peke yake. Wavuvi waliolala siku hiyo wakiwa chini ya mwenye ziwa mmoja waliamka chini ya mwingine. Hawakuulizwa. Hawamo hata kama wahusika wadogo.

Inawezekana kutoa hoja ya kupinga usomaji huu. Zawadi, itasemwa, ilijenga amani: badala ya ushindi wa mabavu, kukawa na makubaliano ambayo wenyeji na wageni waliweza kuishi nayo. Hoja hiyo ina nguvu. Simulizi hiyohiyo inayompa Kazembe mamlaka inakiri kwamba mamlaka hayo alipewa, na anayekiri kupewa anamkiri mtoaji. Cunnison, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu watu wa Luapula, alieleza jinsi anayerithi cheo anavyorithi pia jina na uhusiano wa mtangulizi wake, hata ujamaa wa vyeo ukadumu vizazi kwa vizazi. Katika utaratibu wa namna hiyo, Nkuba aliyekatwa kichwa hafi kabisa, na deni la Kazembe kwa wenyeji halifutiki. Lakini hoja hii inathibitisha jambo ambalo makala yanalidai: amani iliyopatikana ilikuwa amani baina ya wenye vyeo. Kwa mvuvi asiye na cheo, zawadi ilibadilisha mtu wa kupelekewa ushuru, si haki ya kuulizwa.

4. Shujaa asiyedai malipo

Riwaya ya taharuki ya Kiswahili ilikua kwa njia nyingine. Katika Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla, Inspekta Wingo ni ofisa wa polisi. Katika Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, Willy Gamba ni jasusi anayetumwa kutafuta nyaraka za siri zinazohusu mapambano ya ukombozi. Rajmund Ohly, katika utafiti wake wa mwaka 1981, aliisoma nathari ya miaka ya sabini kama nathari ya kishari, yenye kasi na ukatili uliotokana na maisha ya mijini yaliyokuwa yakibadilika haraka.

Kinachovuta macho, kazi hizi zikiwekwa kando ya Nachituti, ni kwamba mwenye nguvu anayeitwa ni dola, na dola haionekani ikidai chochote. Mpelelezi analipwa mshahara na hadithi haitaji mshahara huo. Jasusi anavunja milango na kuua, na uharibifu unasafishwa na jina la taifa. Kwa msomaji wa miaka iliyofuata uhuru, imani hiyo ilikuwa na msingi: dola ilikuwa changa, na adui wa kusini alikuwa wa kweli. Si haki kuwahukumu waandishi hao kwa kuiamini. Hata hivyo, kifani, imani hiyo iliifuta hadithi ya tatu katika utanzu mzima. Msomaji alifundishwa kwamba ukishaita, umepona.

Tatizo hujitokeza pale dola yenyewe inapokuwa mkosaji. Hapo utanzu unakosa pa kushika, kwa sababu aliyekuwa akiitwa sasa ndiye anayeshtakiwa. Hali hiyo ndiyo inayoifanya riwaya ya Chipanta istahili kusomwa pamoja na simulizi ya ziwa.

5. A Casualty of Power: kinyongo kisicho na mlango

A Casualty of Power ilichapishwa na Weaver Press ya Harare mwaka 2016. Mhusika wake mkuu, Hamoonga Moya, ni kijana wa mitaa ya Copperbelt anayekwenda Lusaka kusomea uandishi wa habari. Huko ananaswa katika mambo ya watu wenye fedha na mamlaka, anateswa na vyombo ambavyo vingepaswa kumlinda, na ndoto yake inavunjika. Anarudi Copperbelt na kuingia katika kazi ya mgodi unaoendeshwa na Wachina, ambako hasira ya wafanyakazi inazidi kupanda. Riwaya inamfuata pia Jinan Hu, msimamizi aliyetoka China kuja Zambia kutafuta maisha bora.

Uhusiano wa Copperbelt na Mweru si wa kubuniwa na mhakiki. Katika karne ya ishirini, samaki wa Mweru na Luapula walilisha migodi ya Katanga na ya Copperbelt, na vijana wa Luapula walikwenda kuichimba. Anayesimama Kashikishi na anayesimama kwenye lango la mgodi wako katika ncha mbili za kamba moja.

Hali ya Hamoonga ni ya Nachituti: anayestahili kupokea malalamiko yake ndiye aliyemdhulumu. Uchaguzi wa taaluma yake una maana. Mwanafunzi wa uandishi wa habari ni mtu anayejifunza kusema. Riwaya inaanza kwa kumfundisha mhusika wake njia ya pili ya Hirschman, kisha inamfunga mdomo. Kurudi kwake nyumbani kunafanana na kuondoka, lakini anaondoka kutoka dhuluma moja na kuangukia nyingine. Anabaki na kinyongo kisicho na mlango.

Nguvu kubwa ya riwaya iko katika kumpa Jinan Hu nafasi. Mwandishi mwingine angemfanya msimamizi wa kigeni kuwa sanamu ya ubaya. Chipanta anampa sababu za kuja na kutoridhika kwake mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mgodini wanakutana watu wawili wasioridhika, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa kizuizi. Methali husema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Hapa methali imepinduka: nyasi ndizo zinazopigana, na fahali hawaonekani uwanjani. Wenye faida wako mbali, na hasira inamwangukia aliye karibu.

Picha hiyo ina mizizi katika matukio ya kweli. Mwaka 2005 mlipuko katika kiwanda cha baruti cha Chambishi uliua makumi ya wafanyakazi wa Zambia. Mwaka 2010, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Collum ulioko kusini mwa nchi, wasimamizi wa Kichina waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokuwa wakilalamikia mazingira ya kazi na kuwajeruhi kadhaa. Mwaka 2012, katika mgodi huohuo, msimamizi wa Kichina aliuawa wakati wa mgomo wa mishahara. Aliyeuawa hakuwa mwenye mgodi, kama vile waliojeruhiwa miaka miwili kabla hawakuwa watunga sera ya madini. Katika pande zote mbili walipata madhara walioweza kufikiwa kwa mkono.

Udhaifu wa riwaya unatokana na utanzu wake. Taharuki inahitaji kasi, na kutoridhika ni jambo la polepole: mshahara uliopungua mwezi huu, buti lisilobadilishwa, barua isiyojibiwa. Utanzu hupenda uovu uwe na uso, kwa hiyo mfumo hugeuzwa kuwa watu waovu wachache, na msomaji anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba wakiondolewa hao, mambo yatanyooka. Katika hili simulizi ya kale ni kali kuliko riwaya mpya. Inamwondoa mwovu kabisa, kwa upanga, kisha inaonyesha kwamba suala la ziwa ndiyo kwanza limeanza.

Hata hivyo, riwaya inaona jambo moja ambalo simulizi haikuliona. Inawataja wanaolipa. Wafanyakazi wa mgodi wana majina, wana njaa, wana utani wao. Hadithi ya tatu, ambayo Nachituti anaisimamisha kwenye zawadi, hapa inasimuliwa na wale waliozawadiwa pamoja na ardhi. Kwa maana hiyo kazi hizi mbili zinakamilishana: moja inajua kwamba bei ipo, nyingine inajua ni nani anayeilipa.

6. Kutoka fasihi hadi ufukweni

Washauri wa sera wana haki ya kuuliza uchambuzi huu unawafaa nini. Jibu liko katika namna malalamiko ya ziwa yanavyosafiri.

Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Sababu ya kibayolojia ni ya kweli, na historia ya ziwa inaitetea: mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kuzaa, alipungua vibaya kufikia katikati ya karne ya ishirini baada ya uvuvi wa nyavu za makila kushamiri kwa ajili ya masoko ya migodini. Baadaye wavuvi wengi waligeukia chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa. Lakini ziwa ni moja na sheria ni mbili. Mvuvi anayeacha nyavu zake ufukweni na kuona taa zikiwaka upande wa pili wa mpaka ana sababu ya kutoridhika, hata akiwa anakubali kwamba samaki wanahitaji kupumzika.

Mvuvi huyo ana njia zilezile tatu. Anaweza kuondoka, akavulia kwingine au akaacha kazi. Anaweza kusema, iwapo kuna mahali pa kusemea. Sheria ya Uvuvi ya Zambia ya mwaka 2011 inatambua kamati za usimamizi zinazowahusisha wanajamii, na thamani ya kamati hizo inategemea kama anayeshtakiwa siye anayesikiliza shauri. Au anaweza kuita: askari wa doria amshughulikie jirani, mfanyabiashara mkubwa amkopeshe nyavu na kummiliki, mwanasiasa aahidi kufungua ziwa baada ya kura. Kila mmoja wao atakuja, na kila mmoja atadai udongo na maji yake.

Lugha ni sehemu ya suala hili. Tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge imekuwa na makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa kuwapokea watu waliokimbia vita kusini mashariki mwa Kongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zao. Kilalamiko kinachopaswa kupita lugha mbili kabla ya kufika mezani hufika kikiwa kimepoa au kimepotoka. Mwenye kovu usidhani kapoa; aliyenyamaza kwa kukosa lugha ya baraza si aliyeridhika. Kamati ya ziwa linalozungumza Kibemba upande mmoja na Kiswahili upande wa pili haiwezi kusikia kwa sikio moja.

7. Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba katika simulizi ya Nachituti na katika A Casualty of Power, maangamizi hayatokani na wingi wa hasira. Yanatokana na mahali ambapo hasira ilikosa kupokelewa. Nachituti hakuwa na tamaa ya kupindua utawala. Alikosa baraza lisilo la Nkuba. Hamoonga hakuzaliwa mwasi. Alijifunza kusema katika mazingira yasiyosikiliza. Kuwaita wahusika kama hao wenye uchu ni kuwakosea mara ya pili.

Kwa wahakiki wa riwaya ya taharuki ya Kiswahili, pendekezo ni kulisoma kila hitimisho la ushindi kwa jicho la hadithi ya tatu: baada ya mkosaji kupatikana, nani alibaki akidaiwa, na je, aliulizwa? Swali hilo litazifufua upya kazi nyingi ambazo zimehukumiwa kuwa za kuburudisha tu, kwa sababu ukimya wao kuhusu malipo nao ni maudhui. Kwa watafiti wa fasihi simulizi, kuna haja ya kukusanya simulizi ya Nachituti kwa Kiswahili kutoka upande wa magharibi wa ziwa, ili isikike jinsi inavyosimuliwa na wasioishi chini ya Mwata Kazembe.

Kwa washauri wa sera, somo ni fupi. Malalamiko ya jirani dhidi ya jirani yasikilizwe karibu, mapema, kwa lugha ya mlalamikaji, na mbele ya mtu asiye mshtakiwa. Yasiposikilizwa hapo yatasafiri mbali kutafuta mwenye nguvu, na wavuvi wa Mweru wamekwisha kuona mara moja ni nini hubebwa kurudishiwa mwenye nguvu huyo kama shukrani.